Nilivyomaliza triathloni Kigamboni bila baiskeli ya kaboni

Ukitaka ushauri usiouomba, mwambie mtu wa Dar kwamba unajiandaa kwa triathloni, yale mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Ofisini kwetu Posta hakuna aliyewahi kushiriki hata moja, lakini kila mmoja alikuwa na lake. Huyu anasema bila baiskeli ya kaboni, zile nyepesi za bei mbaya, nisijisumbue. Yule anasema mwanamke wa miaka arobaini na kitu atazimia kwa joto kabla hata jasho halijamtoka vizuri. Aliyeniudhi kuliko wote ni kijana anayefundisha kuogelea kwenye bwawa nililokuwa nalipia kila mwezi: "Dada, ukiweza bwawani, baharini ni mteremko. Chumvi inakubeba yenyewe."

Chumvi inabeba, sikatai. Hakusema inakupeleka wapi.

Nilijiandikisha ile fupi: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli, kilomita 5 za kukimbia. Ile ya Olimpiki, iliyoingizwa Sydney mwaka 2000, ni mara mbili ya hiyo. Ipo na ile ya kichaa, Ironman: kilomita 3.8 majini, 180 kwenye baiskeli, halafu eti ndiyo unaanza marathoni nzima. Hiyo nawaachia wenye magoti ya akiba.

Kukimbia hakukunisumbua. Daraja la Tanzanite asubuhi limejaa wakimbiaji, unajiunga tu. Kazi ilikuwa bahari.

Jumapili moja, kipindi cha kusi, ule upepo wa kutoka kusini, nikaenda Coco Beach na ujuzi wangu wa bwawani. Mdogo wangu akabaki mchangani na khanga yangu na simu. Maelekezo niliyopewa: ogelea sambamba na ufukwe, hesabu mikono, usinyanyue kichwa ovyo maana kunapunguza mwendo. Nikafanya hivyohivyo. Jamani, nilikwenda kwa kasi ambayo bwawani sijawahi kuiona! Nikawa najipongeza chini kwa chini, kumbe nimeiva kiasi hiki. Nilipoinua kichwa, mdogo wangu hayupo. Coco yenyewe haipo. Niko huko mbele upande wa Masaki, na ufukwe umesogea mbali kwa sababu maji yanatoka. Nikageuka kurudi. Napiga mikono, napiga miguu, jiwe lililo pembeni yangu halisogei. Napumzika kidogo, jiwe linanipita.

Mwisho nikasimama, maana maji yalishapungua hadi kiunoni, nikatembea peku juu ya mawe makali hadi walipokuwa wanawake wanachokoa pweza. Mmoja akanitazama kuanzia miwani ya kuogelea hadi miguuni, akauliza: "Dada, umeshuka meli gani?" Nikarudi kwa mguu Toure Drive nzima nikichuruzika maji, bodaboda wakinipigia honi. Kocha nilipomsimulia alisema nimekosa kujiamini.

Sikumjibu. Nilikwenda Msasani kwa mzee ninayenunua kwake samaki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Leo changu wazuri."

Nikamwambia leo sitaki changu, nataka kujua maji. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza mwezi siku ile ulikuwaje. Mpevu. "Basi uliingia kwenye bamvu, maji makubwa ya mwezi mpevu. Bamvu linajaa kwenye saa kumi alfajiri. Wewe saa kumi na mbili na nusu unaingia, lenyewe linatoka kwa nguvu zake zote, na kusi nayo inakusukuma kaskazini. Hata mimi kwa kasia ningekwenda." Akaniambia nijifunzie siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ambapo bahari haina haraka. Hapa kwetu bamvu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, maji mafu ni kidogo sana. Hili bwawani halifundishwi, kwa sababu bwawa halina mwezi.

Kisha akanipa kitu ambacho kwangu kina thamani kuliko kaboni yoyote. Wavuvi wakitaka kurudi palepale penye samaki hutumia alama mbili za nchi kavu, moja ya mbele, nyingine nyuma yake. Kwa mfano mnazi na mnara wa simu. Vikiwa mstari mmoja, uko njiani. Ukiutazama ufukwe ukaona mnara umechomoza kulia kwa mnazi, ujue ni wewe uliyesukumwa kulia, rudi kushoto mpaka vifunikane. Nikamuuliza: na ninapokwenda nje, jua linanipiga usoni, sioni kitu? "Geuka chali," akasema. "Njia ya kwenda unaiangalia ulikotoka."

Baiskeli ni mtumba wa Japani, laki tatu na ushee, na fundi akala nyingine kwa tairi, tyubu na breki. Jumamosi alfajiri naivusha kwa kivuko cha Magogoni, naendesha hadi nikichoka, naiegesha na kukimbia palepale hata dakika kumi tu. Msiruke hili. Miguu ikitoka kwenye baiskeli haikutambui. Na sebuleni nilifanya mazoezi ya kubadilisha: helmeti kwanza, kamba ifungwe, ndipo uiguse baiskeli. Wanangu walicheka sana.

Siku ya siku, jua lilitoka mbele yetu kama taa ya lori. Vijana wenye suti za kubana wakatimua, vichwa chini, wote kundi moja kuelekea kusikokuwa na boya. Mimi kila baada ya muda nageuka chali, natafuta mnazi wangu na paa la bati nililolichagua jana yake, mnara ukiwa haupo. Vimeachana? Narudi kushoto. Vimefunikana? Naendelea. Nilipozunguka boya la kwanza, wao walikuwa mbali kulia wakipiga kona kubwa ya kurudi. Mwendo wangu ni wa kobe, semeni mtakavyo, lakini nilitoka majini kabla yao.

Kwenye baiskeli walinipita karibu wote, hilo nilishalitegemea. Mmoja tu nilimpata tena palepale mwanzoni: ameshika baiskeli na kamba ya helmeti inaning'inia, msimamizi kamsimamisha. Kwenye mbio, joto lilikuwa la saa tatu asubuhi, unalijua. Nilikuwa nimeweka dafu kwenye chupa na chumvi kidogo usiku wake, nikaigandisha, na bado ilikuwa ya baridi. Niliwapita watano waliokuwa wanatembea, na mmoja wao ana kaboni.

Nilimaliza katikati ya orodha. Safari ijayo nataka ile ya mita 1,500, ila kwanza nibadilishe kiti cha baiskeli, maana wiki nzima ile nilifanya kazi ofisini nimesimama.