Alikuja kuazima mbuzi

Mstari wa kwanza ulikuwa wa kijani, mwembamba kama uzi wa kofia ya viua. Ulisimama upande wa kulia wa kioo, juu mpaka chini, nami nikaufuta kwa upindo wa kanga nikidhani ni uchafu. Haukufutika. Ilikuwa Machi 2018, masika ndiyo kwanza yanabisha hodi, na laptop ilikuwa haijatimiza miezi minne tangu kaka yangu aninunulie Dar es Salaam, mpya, imo katika boksi lake, na karatasi ya waranti ya mwaka mmoja.

Wakati ule nilikuwa natengeneza kadi za harusi nyumbani kwetu Jang'ombe. Kazi hii hapa Unguja ina msimu wake. Ramadhani watu hawaozani, kwa hiyo Shaaban kila mwenye posa iliyokubaliwa anakimbizana na mwezi, na waliochelewa wanangojea Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mwaka ule Ramadhani ilikuwa inaingia katikati ya Mei. Yaani mstari wangu ulikuja wiki chache tu kabla ya shughuli kupamba moto.

Baada ya wiki mbili mistari ilikuwa saba, mingine ya waridi. Mteja mmoja niliyemwonesha kadi yake kwenye kioo aliniuliza kwa adabu kabisa kama ule urembo wa kijani nao unalipiwa.

Kwetu hapakuwa na wakala wa kampuni ile. Namba iliyokuwa kwenye karatasi ya waranti ilipokelewa Dar, wakasema tuipeleke. Boti ya mwendo kasi kutoka bandari yetu ya Malindi ni kama saa mbili tu, lakini laptop haipandi boti peke yake, ikabidi kaka aombe ruhusa kazini. Ilikaa huko siku 19. Ikarudi na kioo kipya, kimenyamaza, cheupe kama bafta. Shaaban ilikuwa inaandama. Nilipika biskuti za nazi nikawapelekea watoto wa jirani, hivyo ndivyo nilivyofurahi.

Furaha yenyewe ilidumu siku 12.

Safari hii haikuwa mistari. Nikifungua kifuniko, picha ilitetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi, ikatulia, na nikikisukuma kifuniko nyuma kidogo tu, kioo kikazima, kweusi kabisa. Nikikirudisha mbele, picha hiyo. Nikajifunza kukaa nayo. Nilijua pahala pa kukiacha kifuniko kama mtu anavyojua pahala pa kukalia kwenye kiti kibovu, na niliwafukuza watoto wasipite karibu na meza, maana hatua ya mtoto ilitosha kuniharibia jioni nzima.

Namba ya Dar sasa ikawa inaita mpaka inakatika. Siku ilipopokelewa, niliambiwa aliyeshika faili langu hayupo. Nikawaandikia makao makuu, huko nje, kwa barua pepe. Jibu la kwanza lilikuja kabla sijavuta pumzi, ni la mashine, limebeba namba ya kumbukumbu ndefu kuliko namba ya simu. La mtu lilikuja baada ya siku tano: nisasishe draiva, ile programu ya kuendeshea kioo. Nikasasisha. Akaja mwengine, jina jengine, akataka video ya tatizo. Nikairikodi kwa simu ya mama na kuituma, ikanila bando la wiki. Akaja wa tatu, akashukuru sana kwa kuwasiliana nao, kisha akaniuliza namba ya mashine, ambayo nilikuwa nimeiandika katika kila barua, na kama nimejaribu kusasisha draiva. Kila aliyejibu alikuwa kama mtu aliyechelewa mazikoni: anaanza upya kuuliza marehemu alikuwa akiumwa nini.

Mimi si fundi, lakini tabu humfunza mtu. Niligundua kuwa ile homa inakishika kioo tangu mashine inapowaka, kabla Windows haijaamka. Draiva ni mtumishi wa Windows. Kama bwana wake bado amelala, yeye kafanya kosa saa ngapi? Nikawaandikia hayo. Kisha nikaunga waya wa HDMI kutoka kwenye laptop mpaka kwenye televisheni ya sebuleni, picha ikatoka safi, haitikisiki hata ukiicheza ngoma laptop yenyewe. Kwa hiyo ubongo mzima. Ugonjwa uko kwenye kioo, au njiani kwendea kwenye kioo. Nikawaandikia na hayo pia. Hapo ndipo waliponyamaza kabisa.

Basi nikahamia sebuleni.

Televisheni yetu ilikuwa ya inchi 32, na kabla ya kuja mimi ilikuwa milki ya mama na tamthilia zake. Tukapatana: alaasiri mpaka magharibi yangu, baada ya hapo yake. Kwa mkataba mama alishika ahadi. Kwa ukimya hakushika. Alikaa mkekani anachambua mchele, na kila jina lililopita pale juu alilisoma kwa sauti na kuliunganisha na ukoo wake. "Huyu bibi yake alikuwa wa Makunduchi, akaolewa Mkunazini." "Hawa si ndugu na wale wauza halua?" Mara moja aliniokoa, nilikuwa nimeandika jina la babu badala ya la baba. Mara nyingi zaidi alinichelewesha.

Sikufikiri kuwa kadi ya harusi, kabla haijatoka, ni siri. Nani kaalikwa, nani hakualikwa, nani anamuoa nani, vyote hivyo vina siku yake ya kusemwa na mtu wake wa kuvisema. Kwenye kioo cha laptop siri ile ilikuwa inatosha mbele ya macho mawili. Kwenye inchi 32 ilikuwa tangazo.

Jirani yetu wa mlango wa tatu alikuja siku moja baada ya alaasiri kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Mama alikuwa jikoni, mlango wa sebule uko wazi kwa ajili ya upepo. Mimi wakati huo nilikuwa nimelivuta jina la bwana harusi nilirekebishe herufi, limejaa kioo kizima, kila herufi urefu wa kiganja. Chini yake jina la biharusi. Jirani alivua ndara, akasimama kizingitini, akasoma.

Kijana yule alikuwa amempeleka mshenga kwa binti wa dada yake huyo jirani. Walikuwa wameambiwa wavute subira, mambo yatakuwa Mfunguo Mosi. Na kweli yalikuwa Mfunguo Mosi. Tarehe nilikuwa nimeiandika mwenyewe, kwa rangi ya dhahabu.

Hakusema kitu. Alisoma mara ya pili, midomo inacheza, kama mtu anayehakiki hesabu ya duka. Kisha akasema, "Mashaallah. Allah awajaalie kheri," akavaa ndara zake na kuondoka. Mama alitoka jikoni na mbuzi mkononi, akakuta mlango mtupu.

"Kaenda wapi?"

Nikamwonesha televisheni. Mama akatazama, akaiweka mbuzi chini taratibu, akakaa juu yake.

Simu ililia baada ya isha. Mama yake bwana harusi hakupiga kelele. Angepiga ningeona nafuu. "Mwanangu," alisema, "kadi nilikupa wewe au niliipa televisheni?" Asubuhi alimtuma kijana kuchukua karatasi zake, na wanawake wawili wa upande wake, walioniahidi kazi za Mfunguo Mosi, nao wakapata mtu mwengine. Nami ningefanya hivyo hivyo. Usiku ule nilikaa nikamtafuta wa kumlaumu, na kila nikimtafuta nilimwona yule wa tatu wa barua pepe, anayenishukuru kwa kuwasiliana nao.

Baada ya hapo nilifanya kazi baada ya saa sita za usiku, mlango umefungwa komeo, nimetandaza kanga dirishani kama mpiga ramli.

Ramadhani ilipoingia, pirika zikapungua, na Dar wakapokea simu. Wakasema tuirudishe wataikagua. Nilichukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa, Kiswahili na Kiingereza: TATIZO LINATOKEA UKISUKUMA KIFUNIKO NYUMA. Nikaibandika juu ya kifuniko, ukingo wake mmoja nikaukunja na kuubandika kwa utepe mpaka upande wa chini, ili atakayefungua asiweze kufungua bila ya kuibandua.

Ilirudi siku mbili kabla ya sikukuu, na fomu iliyogongwa muhuri: imekaguliwa, haikuonekana na tatizo. Kaka aliniletea huku amechangamka. Karatasi yangu ilikuwa palepale. Utepe haukuguswa, hata kile kiputo cha hewa nilichokiacha pembeni wakati wa kubandika kilikuwamo. Sikumwambia neno, nilimpa tu aitazame. Aliigeuza, akaigeuza tena, akauliza kama tunayo futari iliyobaki.

Sikukuu ilipokwisha nilikwenda Darajani kwa fundi mmoja niliyeelekezwa na mwenye kunichapishia kadi. Meza yake ilikuwa nusu meza, nusu nyengine ya muuza makava ya simu. Nilitegemea atashika bisibisi. Hakushika. Alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akauliza:

"Dada, linaishika wakati gani?"

Niliduwaa kidogo. Tangu Machi hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo.

Nikamweleza. Akauliza kama lilikuwepo kabla ya kubadilishwa kioo. Nikamwambia ile ilikuwa mistari, hii ni homa. Akafungua kifuniko polepole, sikio limeinamia bawaba kama daktari anayesikiliza kifua, na picha ilipozima akakiacha hapohapo, akamulika tochi ya simu juu ya kioo cheusi. Akaniita nitazame. Ndani ya weusi, kwa mbali, kadi yangu ilikuwamo, hafifu kama maandishi yaliyofutwa ubaoni. "Hiki ni kizima," alisema. "Kilichokufa ni mwangaza wa nyuma, na huo unakatwa njiani."

Kabla ya kufungua alinionesha stika ndogo juu ya skrubu. "Nikiichana hii, wewe na wao basi."

"Mimi na wao basi zamani."

Akaichana.

Waya wenyewe nilikuwa siujui. Unatoka kwenye ubao mkuu, unapita kwenye bawaba, unapanda mpaka nyuma ya kioo, na ndani yake zimo nyuzi nyembamba kama nywele zilizofungwa pamoja. Picha yote inapita humo, na umeme wa ile taa ya nyuma pia. Wetu ulikuwa umepitishwa juu ya bawaba badala ya pembeni yake, kwa hiyo kila nikifungua na kufunga bawaba ilikuwa inautafuna. Ngozi ilikuwa imechubuka, nyuzi mbili tatu ziko nje, na shaba yake imeshika ukijani. Fundi akaugusa ule ukijani kwa ncha ya kibanio. "Hii chumvi ya kwetu. Ikikuta kidonda haikiachi." Halafu akacheka. "Aliyeifunga alikuwa anawahi boti."

Nilimuuliza kama kile kioo cha mwanzo, chenye mistari, kilikuwa kibovu kweli, au walikitoa bure. Akainua mabega. Hakutaka kuapa kwa kitu asichokiona. Mimi mpaka leo nina mawazo yangu.

Alisafisha kwa spiriti na mswaki wa meno, akaunga nyuzi, akazifunga kwa utepe mwembamba wa rangi ya kaharabu, akaupitisha waya pembeni ya bawaba unapotakiwa kupita. Huku nalalamika kuwa nimehangaika miezi minne kwa waya tu, akanikumbusha bila ya kuinua uso: "Kwani sisi tulilala giza kwa nini?" Alikuwa anasema ule mwaka waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika, Disemba 2009, na Unguja nzima ikakaa kwa mishumaa na majenereta mpaka Machi 2010. Sikuwa na jibu. Nilikuwa skuli wakati ule, na nakumbuka tulivyosomea mtihani kwa kibatari.

Alinitoza shilingi 20,000. Akaninakilia namba iliyoandikwa kwenye waya, niagizie mpya, na akanionya mpaka ufike nisikilaze kifuniko kupita pale. Nyumbani nilitia nukta ya wanja ubavuni mwa bawaba, ndiyo mpaka wangu. Waya mpya ulikuja Septemba na mtu aliyetoka Dubai. Kabla ya hapo, Agosti, kampuni iliniandikia kuwa ombi langu limefungwa kwa kuwa halikuwa na majibu kutoka kwangu.

Lakini siku ile ya Darajani nilirudi nyumbani kabla ya magharibi, nikachomoa waya wa HDMI kwenye televisheni, nikauviringa na kuutia kabatini, nikamwambia mama televisheni yake hiyo, alaasiri na usiku. Akashukuru, akawasha tamthilia yake. Mimi nikakaa pembeni na laptop mapajani, kifuniko kwenye nukta, nikifanya kadi ya watu wa Fuoni, kazi pekee iliyonibakia mwezi ule.

Haukupita muda nikasikia sauti ya tamthilia inapunguzwa.

"Nani wanaoana?" mama aliuliza.

"Watu tu, mama."

"Watu gani?"

Akaanza kusogea na mkeka wake. Nikakigeuza kioo ukutani, taratibu, kisije kikapita ile nukta.