Kando ya mto Lot kwa miguu
Jana nimetembea kutoka Bouziès hadi Saint-Cirq-Lapopie, kusini magharibi mwa Ufaransa. Miguu bado inauma, ila moyo umejaa furaha.

Njia inafuata mto Lot, na kuna kipande kilichochongwa ndani ya jabali lenyewe: mwamba umekuinamia kichwani, maji ya kijani yako hatua moja tu pembeni. Waliichonga karne ya 19 ili wanaovuta mashua za mizigo kwa kamba wapate pa kupita. Nilipitisha kiganja ukutani. Jiwe ni la baridi, na alama za vyuma vya wachongaji bado zipo, mstari kwa mstari. Nilisimama pale muda mrefu nikiwawaza watu wale na mikono yao.

Kupotea si rahisi. Fuata mistari miwili, mweupe na mwekundu, iliyopakwa kwenye miti na mawe. Ukikuta imekatana kama msalaba, rudi, hiyo siyo njia.

Mwishoni kuna mpando, jamani! Kijiji kimekaa juu ya genge, na ukigeuka unauona mto wote ulioufuata. Mwenye kupanga kwenda, atoke asubuhi na mapema, kabla watalii hawajajaa.