Nilivyohesabu leseni za dawati la msaada: kutoka 140 hadi 16

Ankara ya kuhuisha leseni za programu ya dawati la msaada, ile ya kupokea na kujibu matatizo ya kompyuta za wafanyakazi, ilipofika, mhasibu wetu hapa Kampala aliniuliza swali moja tu: "Hawa watu 140 ni akina nani?" Sikuwa na jibu. Sisi ni kampuni ya kutoa mizigo forodhani, tuna ofisi Malaba, Mutukula na Elegu, na hata kwa macho hatufiki 140.

Kumbe muuzaji alichukua orodha nzima ya akaunti zilizo kwenye seva. Nikaipitia mstari kwa mstari. 19 zilikuwa za watu walioacha kazi zamani. 6 hazikuwa za watu kabisa: printa, skana na kadhalika. Kisha kuna 83 ambao kazi yao ni kufungua tiketi tu, yaani kuandika tatizo lao kwenye mfumo: "printa imekwama", "intaneti haishiki". Programu nyingi za aina hii, Jira Service Management ikiwemo, hazimtozi anayelalamika, humtoza anayejibu. Wanaojibu wakabaki 32.

Lakini hao hufanya kazi kwa zamu. Nikamwuliza muuzaji kama ana leseni za kuhesabu walio ndani kwa wakati mmoja. Anazo, moja kwa bei ya moja na nusu ya kawaida. Basi nikaandika skripti, programu ndogo, ihesabu walio ndani kila dakika 10, kwa wiki 6. Wastani niliutupa, mtu hufungiwa nje saa ya msongamano, si saa ya wastani. Kilele kilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi, zamu zikipishana: 21. Wanane kati yao walishafika nyumbani, wameacha programu wazi. Nikaamuru imtoe mtu akikaa dakika 20 bila kugusa kitu. Ikawa 13.

Malaba ikanitia shaka. Akaunti moja ilijibu tiketi saa tisa usiku, saa nne asubuhi na saa moja jioni, siku zote saba. Nikampigia msimamizi wa ofisi ile. "Mzee, huyu kijana hulala saa ngapi?" Akacheka. Walikuwa watatu, nywila imebandikwa chini ya kibodi! Mkataba unakataza, na tiketi ikiharibika humjui aliyeiharibu. Kila mmoja akapata akaunti yake. Majina yakawa 34, kilele 14.

Tukanunua 16, gharama sawa na leseni 24 za kawaida. Mhasibu akaongeza VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio (ile inayokatwa kwenye malipo ya muuzaji) ya asilimia 15, maana muuzaji yuko nje ya nchi na mkataba ulitutwika sisi kodi hiyo. Mimi nilikuwa nimeisahau.

Wiki ya pili Elegu wakapiga simu usiku: "Kaka, imekataa, inasema nafasi zimejaa." Nikafungua orodha. Nafasi ya 16 ilikuwa yangu, kwenye laptopu iliyokuwa mezani kwangu tangu mchana. Ile amri ya dakika 20 nilikuwa nimewaondolea wasimamizi wa mfumo, na msimamizi ni mimi peke yangu.