Siku moja maishani mwangu: hita ya bibi wa Kiponda

Saa 12 na nusu asubuhi. Kipupwe kimeingia, na kwa sisi wa Unguja hiyo ni baridi ya kutosha. Chai ya tangawizi na boflo nimeshamaliza. Nafungua mkoba: spana mbili, msumeno wa chuma, tepu nyeupe, testa. Testa naijaribu kwenye swichi ya ukutani kabla sijatoka, maana testa mbovu huua.

Leo nakwenda Kiponda, Mji Mkongwe, kumbadilishia hita ya maji bibi anayeishi na mjukuu wake. Hita yake naijua tangu ikiwa mpya. Mwishoni mwa 2009 Unguja ilikosa umeme, tukakaa gizani kiasi cha miezi mitatu mpaka Machi 2010. Uliporudi, bibi akasema amechoka na moshi wa mkaa, akanunua hita ya lita 80. Mimi nilikuwa najifunza kazi. Siku ile nilishika tochi, fundi wangu akifunga.

Saa 2. Gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo hita mpya imekuja na mkokoteni kutoka Darajani. Ngazi tunapanda nayo mabegani, mimi na kijana wangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tazama mikono hii." Viungo vya vidole vimevimba. Kutawadha alfajiri kwa maji baridi kunamtoa machozi, na wiki mbili sasa mjukuu anaamka kumchemshia birika.

Nazima swichi kubwa, napima, napima tena. Kisha nainama chini ya tangi, na hapo moyo ukanishtuka. Pale inapokaa valvu ya usalama pamezibwa kwa plagi ya chuma. Valvu ilikuwa inatona, bibi anasema, fundi mmoja akaja "akaitengeneza".

Jamani mafundi wenzangu! Maji yakipata moto huongezeka. Lita 80 zikitoka joto la kawaida mpaka nyuzi 60, hupatikana karibu lita moja ya ziada, na hiyo lazima ipate pa kutokea. Ile kutona ndiyo kazi yenyewe ya valvu. Ukiziba, halafu siku moja thamostati ikagoma kukata umeme, maji yanapita nyuzi 100 yakiwa bado yamebanwa, na tangi likipasuka sehemu ya maji hayo inageuka mvuke kwa mpigo mmoja. Na mjukuu analala nyuma ya ukuta huo huo. Nimemweleza bibi taratibu, sikutaka kumtisha, lakini plagi ile nimeitia mfukoni.

Saa 3 na nusu. Tunamwaga maji. Yanatoka ya kahawia, na vipande vyeupe vinagonga ndoo. Maji yetu hutoka chini ya ardhi, kwenye mawe ya chokaa, na chokaa hiyo hubaki panapochemka. Nilipoichomoa koili, ile inayochemsha maji, ilikuwa imevaa ukoko mnene kama wa sufuria ya wali, nikiugusa unamomonyoka. Fimbo ya magnesiamu, ile inayoliwa na kutu ili tangi lisiliwe, imebaki waya mtupu. Fimbo ikiisha, zamu ni ya tangi, na tangi lilikuwa limeshatoboka chini. Fimbo hii ingebadilishwa mapema, huenda hita ingekuwa hai bado.

Saa 5. Ukuta. Nyumba hizi ni za jiwe la matumbawe na chokaa. Bolti ya kutanuka unaikaza, jiwe linasagika, bolti inazunguka bure. Mbili kati ya nne za zamani nilizitoa kwa vidole. Kwa hiyo nimekuja na stendi ya chuma ya kusimama sakafuni, na nimeiweka ubavuni mwa ukuta, pale vichwa vya boriti za sakafu vilipolalia. Katikati ya chumba nisingethubutu. Hita mpya ni ya lita 50: kwa watu wawili inatosha, na kuichemsha ni kama yuniti 2 badala ya 3.

Saa 7, baada ya adhuhuri, bibi katuwekea wali na mchuzi wa samaki. Hakukubali tukatae.

Saa 8 na nusu. Mabomba, tepu, valvu mpya, na kimpira cha kupeleka matone kwenye ndoo. Tunajaza tangi huku mfereji wa maji moto uko wazi. Unakohoa hewa, unatema, mpaka maji yanatoka sawasawa. Hapo tu ndipo nawasha. Koili ikiwaka kavu inaungua dakika hiyo hiyo.

Saa 10 na nusu. Bibi ametia mikono chini ya mfereji, anaikunja na kuikunjua polepole, hasemi kitu. Nikageuka kukusanya spana.

Saa 3 usiku simu inalia. "Mwanangu, ile hita yako inatona!"

"Kwenye ndoo, bibi?"

"Kwenye ndoo."

"Iache itone."