Mara Nne

Mama alitoka bafuni na taulo mabegani, nywele zikimchuruzika maji, akasimama katikati ya sebule akaniuliza, "Mwanangu, leo siku gani?"

"Jumamosi, Mama."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaitazama mikono yake, akaigeuza juu chini kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha kuazima. "Nimefikaje hapa?"

Nilicheka, maana ni mtu wa mizaha. Nikamwambia ametoka kuoga maji ya baridi kama anavyofanya kila asubuhi. Akaitikia tena, akanyamaza kidogo, halafu kwa sauti ileile, na mkunjo uleule wa paji la uso: "Mwanangu, leo siku gani?"

Safari ya tatu sikucheka.

Nilimpigia dada yangu, ambaye ni muuguzi na si mtu wa kupapatika. Akaniambia nimwombe Mama atabasamu, niangalie kama mdomo umekwenda upande. Haukwenda. Afumbe macho na kunyoosha mikono yote miwili mbele. Hakuna uliolegea. Maneno yalimtoka vizuri, jina lake alilijua, langu alilijua, hata jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza alilitaja bila kusita. "Haifanani na kiharusi, lakini hilo si letu kuamua," dada akasema. "Mvishe, mpeleke hospitali, nitawakuta huko. Na mdogo wangu, shika kalamu. Andika saa, andika anachouliza na unachomjibu. Daktari atataka kujua, na wewe utasahau."

Hilo la mwisho liliniudhi. Jambo kama hili mtu analisahauje? Lakini nilichukua daftari lililokuwa juu ya meza nikaanza kuandika.

Maswali yalikuja kwa zamu, kama gurudumu. Leo siku gani. Nimefikaje hapa. Na la tatu, ambalo sikulitegemea: "Baba yako yuko wapi?"

Baba alikuwa amefariki miezi mitano kabla ya siku hiyo.

Kwa miaka saba nimesimulia kilichofuata, na nimekisimulia mara nyingi kiasi kwamba najua mahali pa kutua ili msikilizaji avute pumzi. Nilimwambia ukweli mara moja tu. Dada alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani mwa Mama. Nikauona uso wa Mama ukiporomoka, akalia kama alivyolia siku ya msiba, na dakika mbili baadaye akafuta macho, akashangaa kwa nini yana maji, akauliza tena Baba yuko wapi. Hapo nikaapa kwamba sitamfanyia hivyo tena. "Ametoka kidogo, Mama. Atarudi." Wasikilizaji hutikisa vichwa. Huniambia nilitumia busara.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi kwa muda mrefu. Mama hatoki bila mfuko wake wa kufumia, na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, akatoa sindano na uzi wa kijani akaendelea na skafu aliyoianza wiki ile. Nilikaa nikimtazama. Kila baada ya dakika chache alisimama, akainyanyua kazi mbele ya macho, akaniuliza, "Nani amefuma hii?" Nikimwambia ni yeye, alicheka kwa kutoamini, akaikagua kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. "Huyu anajua," alisema mara moja. Kisha vidole vikaendelea, ndani, zungusha, vuta, bila kuruka tundu hata moja.

Daktari aliyemwona alikuwa mpole na hakuwa na haraka. Alimtajia maneno matatu, Mama akayarudia pale pale bila kosa. Wakazungumza mambo mengine dakika tano, daktari akamwomba ayataje tena. Mama akamtazama kwa adabu: "Maneno gani?" Hakuwa amesahau maneno tu. Hakujua kwamba kulikuwa na maneno.

Baadaye daktari alinieleza. Ndani ya ubongo, upande wa kushoto na wa kulia, usawa wa sikio kwa ndani, kuna kijisehemu kilichojikunja kiitwacho hipokampasi, jina lililotokana na Kigiriki kwa sababu kinafanana na yule samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi. Hicho ndicho kinachoyashika matukio ya leo na kuyaunganisha ili kesho yawe kumbukumbu. Mambo ya zamani sana yamekwisha kusambaa na kukita sehemu nyingine za ubongo, ndiyo maana mwalimu wa darasa la kwanza alikuwepo na msiba wa miezi mitano haukuwepo. Na kufuma hakupiti huko kabisa. Ujuzi wa mikono una njia zake.

Akanitolea mfano wa Henry Molaison, na tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata juu yake. Mwaka 1953, mjini Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua akiwa na miaka 27 ili kumtibu kifafa kikali, akamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi za pande zote mbili. Kifafa kilipungua. Lakini tangu hapo hadi alipofariki mwaka 2008, karibu hakuna tukio jipya lililomkaa kichwani. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiangalia mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomchanganya yeyote. Kwa siku tatu akawa bora na bora zaidi, na kila siku alidhani hajawahi kuifanya. Niliposoma hapo niliiona skafu ya kijani.

Mama alikuwa na bahati. Hali yake ni upotevu wa kumbukumbu wa muda, unaowapata zaidi watu waliopita miaka 50. Huja ghafla, wakati mwingine baada ya maji ya baridi, kazi nzito au huzuni kubwa, na huondoka wenyewe kabla ya saa 24 kwisha. Mara nyingi haurudi tena. Chanzo chake hasa wataalamu bado wanabishania. Alipopigwa picha ya MRI, ile ya kuonyesha ndani ya ubongo, siku mbili baadaye, daktari alituonyesha kitone cheupe cha milimita chache ndani ya hipokampasi ya kushoto. Mimi nilitarajia doa kubwa, kitu cha kutisha. Kitone kile kingefichika chini ya ncha ya kalamu.

Gurudumu lilisimama jioni. Nilikuwa nimejibu kwa mara ambayo sikumbuki ya ngapi kwamba leo ni Jumamosi, na Mama akanikazia macho. "Umeshaniambia, siyo?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye korido.

Yeye, kwa upande wake, hana chochote. Anakumbuka kufungua bomba, halafu anakumbuka taa za wodi. Kati ya hapo hakuna giza wala ukungu, hakuna tu, na daktari alisema hapatarudi, kwa sababu hapakuandikwa kitu tangu mwanzo. Mama amelipokea hilo kwa utulivu ambao mimi nisingeuweza. Watu wakimuuliza, hunielekezea mimi kwa kidevu. "Muulizeni huyu. Yeye alikuwepo."

Mwaka huu nilikuwa natafuta hati fulani kwenye sanduku la makaratasi nikakutana na lile daftari. Nililifungua kwa raha ya mtu anayekwenda kusoma kitu anachokijua.

"2:14. Kauliza Baba. Nimemwambia. Kalia.
2:21. Baba. Nimemwambia. Kalia.
2:29. Baba tena. Nimemwambia. Kalia sana. Dada simuni.
2:40. Baba. Nimemwambia.
2:52. Baba. Nimesema ametoka."

Ni mwandiko wangu. Ile "k" yangu yenye mguu mrefu haina mwingine. Na dada hakuwa sebuleni. Kurasa mbili mbele nimeandika kwamba alitukuta hospitalini saa sita na dakika 40. Mkono ule begani mwa Mama, ambao hadi leo nikifumba macho nauona na pete yake, haukuwepo. Labda ni wa siku ya msiba. Labda nimeutunga.

Sikutaka kuamini. Nilikaa na lile daftari nikijaribu kuikumbuka mara ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna kilichokuja.

Hapa yalinirudia niliyowahi kuyasoma juu ya wanasaikolojia Ulric Neisser na Nicole Harsch. Chombo cha anga Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, kesho yake asubuhi waliwaandikisha wanafunzi wa chuo walikuwa wapi na nani walipopata habari. Miaka miwili na nusu baadaye waliwauliza tena 44 kati yao. Robo nzima walikosea kila jambo kuu, na wengi waliokosea walikuwa na uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, kumbukumbu ya mwanzo haikuamka. Ile mpya ilikuwa imekalia kiti. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliwacheka kidogo wanafunzi wale.

Kuna na jaribio la mwaka 2000 la mtafiti wa ubongo Karim Nader na wenzake, lililofanywa kwa panya. Panya aliyekwisha kufunzwa kuogopa mlio fulani alisikizishwa mlio huo tena, na pale pale akadungwa kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na woga, dawa inayozuia utengenezaji wa protini. Woga ukapotea. Panya aliyedungwa bila kukumbushwa alibaki na woga wake. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ya zamani ikiitwa hulegea, na lazima ijengwe upya ndipo ikae. Mimi si panya na hakuna aliyenidunga. Lakini nimeisimulia hadithi hii kwa miaka saba, mbele ya watu wanaosikitika, na kila safari nimeirudisha ghalani imepunguzwa kidogo pale inaponichoma. Nne zikawa moja. Nikamleta na dada, nisiwe peke yangu.

Kwa nini nilimwambia mara nne? Daftari halisemi sababu. Labda nilidhani safari hii litashika. Labda, na hili naliandika kwa shida, miezi mitano ile sote tulikuwa tumekaza meno, na asubuhi ile nilikuwa na mtu anayemlilia Baba kama ndiyo kwanza amesikia.

Nilimpigia Mama jioni ileile. Nilitaka asikie kutoka kwangu, ingawa sijui angesikia kutoka kwa nani mwingine. Nikamsomea mistari mitano, pamoja na saa zake. Kwenye simu nilisikia sindano zikigongana. Skafu ya kijani ilikwisha zamani, sasa anafuma blanketi.

"Mara nne," akasema.

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Sindano hazikusimama. "Na nililia zote nne?"

Nikarudi kwenye ukurasa. "Tatu nimeandika umelia. Ya nne sikuandika kitu."

"Ya nne nilifanya nini?"

Picha ilikuja papo hapo, bila kuitwa. Mama amekaa ukingoni mwa kiti, taulo mapajani, analikunja mara mbili, mara nne, analainisha mikunjo kwa kiganja, na anasema kwa sauti ya chini, "Haya." Niliona mpaka rangi ya taulo.

"Sijui, Mama," nikamwambia.