Pole 22 Kutoka Mwaloni Mweupe

Kwa desturi za kwetu, mkwe na mama mkwe hawapandi gari moja wakaketi bega kwa bega saa nne mfululizo. Bibi yangu angesikia angeshika kichwa. Lakini mke wangu alikuwa na zamu wiki nzima, na Mama, mwenye miaka 77 na miwani mipya, alishakata shauri: Jumatano anakwenda Eastville, Virginia, kutafuta habari za babu wa babu yake, dereva awepo asiwepo. Nikachukua funguo.

Mambo yalianza Aprili 2022, sensa ya Marekani ya 1950 ilipofunguliwa kwa umma. Majina ya sensa huko hufungiwa miaka 72. Mama alijikuta humo, mtoto wa miaka miwili, mstari wa mwisho wa kaya ya baba yake, kaunti ya Northampton, Virginia. Tangu siku ile usingizi ukampungua. Akarudi nyuma, 1940, 1930, 1920, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa kila kidato kwa mguu. Kidato cha 1890 hakipo. Karatasi nyingi za mwaka ule ziliharibika kwa moto uliozuka Washington Januari 1921. Akaruka hadi 1880, kisha 1870, na pale akamkuta babu wa babu yake: umri miaka 52, kazi kuvua chaza. Akafunga kompyuta. "Basi," akasema. "Hapo ndipo ukuta."

Familia za Wamarekani weusi zinaujua ukuta huo. Mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa kwenye karatasi zao za peke yake: jina la mwenye mali juu, chini yake umri, jinsia na rangi, msururu wa watu wasio na majina. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina wote waliokombolewa. Mama aliamini, kama shangazi zake wote walivyoamini, kwamba babu yule alikuwa mmoja wa mistari isiyo na jina.

Mimi ni mhasibu. Macho yangu huenda kwenye tarakimu kabla ya majina, na kwenye safu ya nane, mbele ya jina la babu, paliandikwa 150. Nikauliza ni nini hicho. Thamani ya ardhi yake, kwa dola. Sasa, mtu aliyetoka utumwani mikono mitupu, miaka mitano tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomaliza utumwa, ana ardhi ya dola 150? Yawezekana. Ila mhasibu hapendi mali isiyo na risiti, na risiti ya ardhi ya Northampton, kama ipo, ipo Eastville.

Tulitoka Baltimore alfajiri. Kwenye daraja la ghuba ya Chesapeake, kilomita karibu saba juu ya maji, Mama alifumba macho tangu mwanzo hadi mwisho, midomo ikisali. Ng'ambo ya pili nchi ni tambarare kama meza: mahindi, soya, mabanda marefu ya kuku, na malori ya kuku yanayotuachia manyoya kwenye kioo. Tulikula kaa Salisbury. Sitasema zaidi kuhusu kula kaa kwa nyundo ya mbao mbele ya mama mkwe.

Kabla ya kuvuka kuingia Virginia nilimwomba tupite Princess Anne, makao ya kaunti ya Somerset, kwa sababu ya jina moja. Maryland ya zamani kila kipande cha ardhi kilichopimwa kilipewa jina kwenye hati, na mwaka 1677 katika kaunti hii mtu mweusi huru aitwaye John Johnson alinunua ekari 44 akaziita Angola. Babu yake, Anthony Johnson, aliletwa Virginia mwaka 1621, akiandikwa tu "Antonio a Negro". Kufikia 1651 alikuwa na hati ya ekari 250, maana mkoloni alipewa ekari 50 kwa kila mtu aliyelipiwa nauli ya kuingia, naye alidai watu watano. Alifuga ng'ombe. Moto ukala shamba lake mwaka 1653, na mahakama ikamwondolea mkewe na binti zake kodi. Halafu mwaka 1670, mzee ameshafariki, baraza la wazee wa mahakama Virginia likaamua kwamba ardhi aliyowahi kuimiliki ni haki ya mfalme, kwa kuwa alikuwa mtu mweusi "na kwa hiyo mgeni". Miaka saba baadaye mjukuu anaandika Angola kwenye hati.

Nilijaribu kumweleza Mama kwa nini jina lile limenikaa kooni. Wengi waliochukuliwa Angola enzi zile walisema Kimbundu, na Kimbundu ng'ombe ni ngombe, mtu ni muthu. Nisingehitaji mkalimani kuuliza bei ya fahali wake. Mama alinisikiliza, akasema, "Haya, yule ni babu wa watu wengine. Twende kwa wangu."

Eastville ni mji wa dakika tatu kwa gari. Una uwanja wenye mahakama ya zamani ya karne ya 18 na gereza dogo la wadaiwa, na ofisi ya karani inayotunza kumbukumbu za mahakama tangu 1632, bila kukatika. Hilo si jambo dogo Virginia. Kaunti kadhaa zilipeleka vitabu vyao Richmond wakati wa vita ili visalimike, na Aprili 1865 Richmond ikaungua navyo. Hata sensa za 1790 na 1800 za Virginia karibu zote hazipo. Watafiti hushikilia orodha za kodi badala yake.

Chumba cha hati kina harufu ya ngozi na vumbi. Vitabu ni vizito, unavivuta kwenye rafu za chuma zenye magurudumu. Nikajitia ujuzi, nikaketi na faharasa, nikapekua miaka yote hadi 1870. Saa mbili nzima zikapita. Hakuna kitu. Mama alishaanza kukunja sweta yake. Yule dada wa kaunta akaja akachungulia juu ya bega langu, akauliza kwa upole, "Unamtafuta aliyeuza au aliyenunua?"

Faharasa ni mbili. Mimi nilikuwa kwenye ya wauzaji.

Kwenye ya wanunuzi tulimpata kwa dakika kumi. Mwaka 1856. Ekari 11, dola 88. Mama alisoma mwaka mara tatu kwa kidole. Mtumwa hakuweza kupewa hati ya ardhi. Basi miaka tisa kabla ya vita kwisha babu alikuwa mtu huru, na kama alikuwa huru tayari mwaka 1850, yumo kwenye sensa ya mwaka ule kwa jina, pamoja na kila aliyelala nyumbani kwake. Nikafungua simu palepale. Alikuwepo, miaka 32, herufi ya jina la ukoo imekosewa, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumwona. Ukuta haukuwa ukuta. Tuliusimamisha wenyewe.

Sheria ya Virginia ya 1793 ilimlazimu mtu mweusi huru kujiandikisha kwa karani wa kaunti. Waliandika urefu wa mtu, rangi yake na makovu yake. Niliitazama ile kaunta kwa jicho jingine.

Hati yenyewe inaeleza mipaka kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: kuanzia mwaloni mweupe uliotiwa alama, kisha kusini-mashariki pole 22 hadi kwenye msonobari, kisha kufuata mkondo wa maji. Pole ni kipimo cha wapima ardhi wa zamani, futi 16 na nusu, na kinaandikwa hivyohivyo, p-o-l-e. Mama anakitamka kwa Kiingereza chake, mimi nakisoma kwa Kiswahili changu. Babu wa watu amepimiwa shamba kwa pole.

Nikamwambia tuondoke, jua linapungua. Akakataa. Alishajifunza kazi, akajichukulia faharasa ya wauzaji, safari hii kuanzia 1870 kuja mbele, na mwaka 1872 akamkuta babu akiuza ekari tatu. Hati ya kuuza ina jambo moja ambalo ya kununua haina. Mke alikuwa na haki yake kwenye ardhi ya mumewe, kwa hiyo mahakimu walimweka kando, mume asisikie, wakamuuliza kama anaridhia kwa hiari yake. Lazima wamwandike jina. Sensa ya 1870 ilimwandika kwa herufi moja tu, ya 1860 wino umemtapakaa. Hapa jina lake zima, na kati ya jina na ukoo, alama ya X.

Ni jina la kati la Mama. Lile ambalo hulificha hata kwenye leseni, alilopewa na bibi yake bila maelezo, ambalo shuleni lilimchekesha kila mtu. Hakulia. Alitoa kalamu ya risasi, akaliandika kwenye bahasha yake taratibu, herufi kwa herufi, kisha akaenda msalani akakaa huko muda mrefu.

Dada wa kaunta alitutolea ramani ya kodi ya sasa. Mkondo bado una jina lilelile. Saa kumi na moja tulikuwa kando ya shamba la soya la mtu, mbu wakitukaribisha, Mama mbele akipiga hatua na kuhesabu kwa sauti, mimi nyuma nimemshikia mwavuli. Pole 22 ni futi 363. Kwa mguu wake, hatua 180 hivi.

Pikapu nyeupe ikapunguza mwendo. Mzee mmoja wa Kizungu akashusha kioo, akauliza kama tumepotea.

"Hapana," Mama akajibu bila kugeuka. "Napima shamba."

Mzee akanitazama mimi. Nikainua nakala ya hati kama anayeonyesha leseni. Alisoma mstari wa kwanza, akakuna shingo, akasema mwaloni hapa yeye hajapata kuuona, ila pale kwenye kona maji hutuama kila mwaka. Akaenda zake.

Mama alikuwa amesimama, mguu mmoja mbele. "Mmenipotezea hesabu. Nilifika ngapi?"

"Sitini na tatu, Mama."

"Sitini na moja," akasema, akaendelea.