Siku siri ya mamangu ilipovujia saiba

Hii ilikuwa 2015, hapa Lamu, na nikiikumbuka mpaka leo moyo unanienda mbio. Usiku mamangu aliniita chumbani, akafunga mlango, akachukua mkono wangu akauweka kifuani kwake upande wa kushoto, nikahisi kitu kigumu kama kokwa ya tende. Akasema, "Mwanangu, hili nimekwambia wewe peke yako." Sikulala.

Asubuhi nikaenda saiba moja, duka la kukodi kompyuta na intaneti, ya kichochoroni karibu na Mkunguni, shilingi moja kwa dakika, juu simu yangu wakati huo ilikuwa mulika mwizi. Nikaandika uvimbe kwenye titi, nikaandika dalili za saratani, nikaandika pa kupima Mombasa, nikasoma mpaka macho yakaniuma, nikafunga ile kurasa, nikalipa nikatoka. Nilijua ukishafunga basi yameisha.

Kabla ya isha jirani yuko dakani kwetu, pale kibarazani mlangoni, na bakuli la uji. "Hodi Bi Mkubwa, tumesikia, pole sana."

Nyumba zetu za mji wa kale mwazijua, kuta nene, mgeni anaishia dakani na hata mlango ukiwa wazi ndani haoni kitu. Mama ameishi humo umri wake wote. Alimshukuru jirani, akamuaga vizuri, halafu akanigeukia, hakupandisha sauti hata kidogo. "Ulimwambia nani?" Nikaapa wallahi mama sikumwambia mtu, na kweli sikumwambia, lakini hakuniamini na mimi simlaumu.

Siku ya tatu kijana wa mtaani akaja mwenyewe, kichwa chini. Alikaa kile kiti baada yangu, akabonyeza herufi moja tu, u, mashine ikamalizia yenyewe "uvimbe kwenye titi", na alikuwa ameniona nikitoka. Akamwambia dadake.

Mama alipimwa Mombasa, haikuwa saratani, alhamdulillah. Lakini mimi nilikuwa na hasira ya kutaka kuelewa, nikampigia binamu yangu anayefanya kazi za kompyuta, akanieleza kwamba brauza, ile programu ya kufungulia tovuti, huweka kila ulikopita, na kuki, vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye mashine, zinabaki hata ukifunga, na ukiwa kwenye mashine ya watu ufungue dirisha la inkognito, yaani la faragha. Akanionya lakini, kazi ya dirisha hilo ni kutohifadhi historia kwenye mashine ile, basi, tovuti unayoingia na kampuni inayokupa intaneti bado wanaweza kukuona. Wengi hawajui hili. Huko Marekani Google walishtakiwa 2020 kwa kukusanya data za watu waliotumia inkognito, na 2024 wakakubali kuzifuta.

Basi nikarudi ile saiba, nikaomba mashine ile ile, nikabonyeza Control na H kama nilivyofundishwa, historia ikafunguka. Maneno yangu yote yalikuwa bado yapo. Na chini yake ya wengine, mtu anatafuta dawa ya kushika mimba, mtu anauliza kama deni la mkopo laweza kumfunga, mtu kazi za Saudia, na mji wetu huu mdogo, wengine niliwatambua papo hapo. Nikaacha kusoma. Nikachagua kufuta yote, tangu mwanzo, nikangoja mpaka orodha ikawa tupu, ndipo nikainuka kulipa.